Mapafu ya Delta, mapafu ya Omicron

Leo mchana nimekaa na wanafunzi wa radiolojia, tukafungua picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili) za wagonjwa wa korona, majina yamefichwa.

Kwanza Delta, aina ya kirusi cha korona, 2021.
Mapafu yote mawili yana ukungu mweupe, umejazana pembeni na chini, kama kioo cha dirisha asubuhi ya mvua.

Kisha Omicron, aina nyingine, iliyotangazwa Novemba 2021.
Nyingi safi kabisa! Zenye madoa, mara nyingi yako kandokando ya njia za hewa. Chanjo na kinga ya waliowahi kuugua zilichangia pia mapafu kuwa safi, tusisahau.

Nikarudi kwenye picha moja ya Delta. Weusi, yaani palipo na hewa, umebaki kidogo tu juu. Nilishindwa kuifunga haraka.

Nani hapa aliuguza mtu mwaka ule? Niambieni ilikuwaje.