Sabufa Inavuma Chumba Kidogo? Anza kwa Kuihamisha

Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za tofali za saruji, kama vingi vya kupanga huku Nyakato na Mabatini, Mwanza, huvimbisha besi kwenye hezi 57 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Urefu na upana vikilingana, mvumo unajikusanya hapohapo, noti moja inazifunika nyingine. Sabufa ikiwa kwenye kona ndiyo inazidi.

Usinunue kitu kwanza. Iweke sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa ukifuata kuta, sikio likiwa chini. Kuna mahali patavuma, kwingine besi itapotea kabisa. Pale noti zote zinaposikika sawa ndipo sabufa ikae. Kiti kisigusane na ukuta, wala kisiwe katikati kabisa ya chumba.

Kitufe cha kukata masafa (crossover) kiweke kwenye hezi 80, sabufa ipige sauti za chini ya hapo tu. Swichi ya fezi (phase), inayolinganisha mawimbi ya sabufa na ya spika nyingine, ina 0 au 180: chagua inayojaza zaidi ukiwa umekaa. Bado inavuma? Punguza hiyo 57 kwa desibeli 4 hadi 6 kwenye ekwalaiza.

Trei za mayai ukutani ni urembo tu; haziwezi kuzuia besi hiyo, maana wimbi lake lina urefu wa mita 6. Halafu shika vioo vya dirisha la luva wimbo ukipiga. Mara nyingi kelele nusu ni yao.