Tulivuka mstari pamoja

Juzi binti yangu alinikuta nimekodolea macho jedwali la viwango vya muda vya Boston, marathoni maarufu ya Marekani, kwenye simu. "Mama, kumbe mbio nazo zina mtihani wa kuingilia?" Nikamwambia baadhi zinao. Akataka kujua kama mimi niliwahi kufaulu. Nikasema ndiyo. "Sasa mbona hujaenda?"

Ilikuwa saa ya kulala, nikamjibu nusu nusu. Nusu iliyobaki naiandika hapa.

Ilikuwa 2018. Mnaukumbuka Aprili ule, Boston ilivyokimbiwa kwenye mvua, baridi na upepo wa usoni, Desiree Linden akashinda kwa 2:39:54. Mimi aliyeniteka ni wa pili, Sarah Sellers, muuguzi mwenye ajira yake kama sisi wengine. Nilikuwa nimeanza kuutafuta muda wa kufuzu muda mrefu kabla ya hapo, lakini baada ya kumwona yule dada nilikosa usingizi.

Wanaojiuliza kwa nini Boston na si kwingine: ni kwa sababu ya muda wenyewe. Mbio kubwa nyingi zinaingiwa kwa bahati nasibu. Kura ya London ya 2026 iliombwa na watu zaidi ya milioni moja, na aliyefanya mazoezi miaka kumi na aliyenunua viatu jana wako kwenye kapu moja. Boston, ukiacha wanaoingia kwa kuchangisha fedha za hisani, wameweka masharti ya muda tangu 1970. Unakimbia marathoni iliyopimwa na kuidhinishwa popote duniani, unapata muda wako, unaupeleka. Hakuna wa kumbembeleza. Hilo nililipenda na bado nalipenda.

Kundi langu lilikuwa wanawake wa miaka 35 hadi 39, na kiwango kilikuwa 3:40, yaani saa tatu na dakika arobaini. Maana yake ni kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 12, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka zitimie 42 na kipande.

Mbio nilizozichagua zilikuwa Mei. Kilomita za mwanzo sina la kusimulia. Nilikunywa maji kwenye kila meza, nikamfuata mwenye kibendera cha 3:40, anayewaongoza wanaotaka kumaliza kwa muda huo, mpaka kilomita ya ishirini na kitu, nikajisikia mwepesi, nikamwacha.

Kilomita ya 38 ndiyo iliyonikaa kichwani.

Saa ilisoma 3:14 na sekunde arobaini hivi. Msuli wa mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kurukaruka chini ya ngozi, wenyewe, kama kitu kilicho hai. Chumvi ilikuwa imekauka kwenye nyusi. Nikapiga hesabu, maana katika hali ile akili hushika hesabu tu: zimebaki kilomita nne na kidogo, hata nikizikimbia kwa dakika 5 na sekunde 40 kila moja, nitaingia kwa 3:38 na ushee. Nimefuzu. Naweza kulegeza. Mwili ulilisikia neno hilo kabla sijalimaliza. Nilihisi mabega yanashuka na hatua zinafupika.

Hapo akatokea mama mmoja upande wangu wa kulia. Nywele zake zilikuwa na mvi, amezifunga kwa kitambaa. Alikuwa akipumua kwa utulivu ambao mimi nilikuwa nimeuaga tangu kilomita ya thelathini. Akaangalia miguu yangu, kisha uso.

"Unatafuta Boston?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na tano."

Akakimbia hatua kadhaa bila kusema. "Basi tatu arobaini haikutoshi, mwanangu. Mwaka huu walikata dakika tatu na sekunde ishirini na tatu. Weka akiba."

Nililijua hilo. Kila anayetafuta Boston analijua: kufikia kiwango kunakupa haki ya kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, wanaanza na wenye kasi zaidi chini ya viwango vyao, wanashuka mpaka nafasi ziishe; hapo wanapoishia ndipo wanapokata, na aliye chini ya hapo anabaki nje na muda wake halali mkononi. Nililijua nikiwa nimekaa kitini. Kwenye kilomita ya 38 lilikuwa limenitoka kabisa, na mtu nisiyemjua alikuwa amelibeba kwa niaba yangu.

"Twende," akasema. "Saa niachie mimi. Wewe nishike bega."

Hakuwa na maana nimshike kwa mkono. Alitaka nikae sambamba na bega lake, nisirudi nyuma hata kwa shibiri. Nikalikazia macho. Lilikuwa na alama nyeupe ya jasho lililokauka, imepinda kufuata mshono wa fulana, na nimeitazama ile alama kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama ramani yoyote. Kilomita ya 39. Nilisikia viatu vyake vinagonga lami, tap, tap, navyo vyangu vikachelewa nusu mdundo, kisha vikapatana na vyake. Ya 40. Nilitapika maji kidogo, pembeni, bila kusimama, na yeye akapunguza kasi kwa hatua mbili tatu mpaka nikarudi begani. Ya 41. "Tunayo," akasema. "Tunayo, usiiachie."

Tulivuka mstari pamoja. Saa yangu 3:36:20, na chipu ya kupimia muda ikathibitisha hivyo hivyo. Akiba: dakika 3 na sekunde 40, zaidi ya zile walizokata mwaka ule. Nililia nikiwa nimeinama, mikono magotini, naye kanishikia chupa ya maji.

Ndipo nikamwuliza yeye je. Alikuwa kundi la 55 hadi 59. Kiwango chake 4:10.

Yaani alikuwa na zaidi ya nusu saa ya akiba. Angeweza kutembea kuanzia pale aliponikuta. Au, kwa pumzi ile niliyoisikia, angeweza kwenda zake na kumaliza mapema kuliko tulivyomaliza.

Septemba usajili wa mbio za 2019 ukafunguliwa. Waliopita kiwango kwa dakika 20 au zaidi walitangulia kujiandikisha, na yeye alikuwa miongoni mwao. Mimi nilisubiri zamu ya mwisho. Kisha majibu yakatoka: safari hii walikata dakika 4 na sekunde 52. Watu zaidi ya 7,000 waliofikia viwango vyao walibaki nje, nikiwemo. Nilikosa kwa dakika 1 na sekunde 12, ambazo ukizigawa kwenye marathoni nzima hazifiki sekunde mbili kwa kilomita. Na wakati huo huo wakatangaza kwamba viwango vya 2020 vinakazwa kwa dakika 5, kwa hiyo 3:36:20 yangu haikuwa tena hata muda wa kufuzu.

Yule mama aliniandikia kabla sijamwandikia. "Umeingia?" Nilikaa na simu muda mrefu. Muda ule ule, mstari ule ule, sekunde ile ile, na jibu lake ndiyo, langu hapana. Simlaumu yeyote. Kanuni ziliandikwa wazi, na kuwapimia watu kwa umri ni haki. Kwa umri wake alikuwa mkimbiaji hodari kuliko mimi kwa mbali. Lakini nilimwonea kijicho mtu aliyenipa dakika zake, na mpaka leo sijui niliweke wapi jambo hilo.

Milango ilikuja kufunguka. Kwa mbio za 2022 na 2023 kila aliyefuzu na kuomba aliingia. Wakati wa kuutafuta muda huo mimi nilikuwa nanyonyesha mdogo wake binti yangu.

Sasa nimehamia kundi la 40 hadi 44. Umri umenipa dakika 5, lakini viwango vimekazwa tena kuanzia mbio za 2026, kwa hiyo kundi langu linadaiwa 3:35, na mwaka huo walikata dakika 4 na sekunde 34 juu yake. Nikitimiza 45, jedwali linasema 3:45. Mume wangu ananishauri ningoje. Yule mama, ambaye bado anakimbia, ananiambia nisingoje, na amejitolea kuja.

Nimeshajiandikisha mbio za kutafutia muda. Nalenga 3:29, na safari hii nimemwomba asinipunguzie.