Wanane waliokuwa reale kwa ya pili

Katika masika ya mwaka jana, siku ya 31 tangu nilipompandisha, sungura wangu jike wa kijivu alizaa watoto wanane ndani ya sanduku la mbao lililopo nyuma ya nyumba yetu, Wete, Pemba. Mama ni wa kijivu na dume nililompandishia ni la kijivu, na watoto wote walitoka na ngozi ya namna moja, yenye weusi hafifu mgongoni na wekundu tumboni, wakiwa uchi, macho yamefumba na masikio yamelala. Jirani yetu, mtu mzima ambaye mtaani sote tunamwita Mama, aliinama juu ya sanduku, akafunua manyoya ya kiota kwa kidole kimoja, akasema, "Mwanangu, hawa ni reale kwa ya pili, wamefanana kama sarafu. Utamjua vipi nani ni nani?" Nilimjibu kwamba sina haja ya kumjua mmoja mmoja, maadamu kila asubuhi nikiwahesabu wanatimia.

Nilikuwa nikiwapima kwa pamoja. Siku ya kwanza wote wanane, ndani ya bakuli la plastiki lililotandikwa kitambaa, walikuwa na gramu 424. Siku ya nne walifikia gramu 620, nikagawa kwa nane, nikapata gramu 77 na nusu kwa kila mmoja, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Siku ya tano asubuhi nilimkuta mmoja amekufa. Nilipomweka kwenye mizani peke yake alikuwa na gramu 44, maana yake ni kwamba huenda hakuwahi kuongezeka hata kidogo tangu alipozaliwa, na wale ndugu zake saba walioshiba walikuwa wakimficha ndani ya hesabu yangu. Jambo lile liliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nikimshika mkononi kila siku.

Ili kuelewa jinsi mtoto mmoja anavyoweza kufa njaa katikati ya wenzake, ni lazima kujua kwamba sungura hakai na watoto wake kama paka. Huingia kwenye kiota mara moja kwa siku, pengine mara mbili, aghalabu usiku au karibu na alfajiri, akanyonyesha kwa dakika tatu hadi tano tu, kisha akaondoka. Katika dakika hizo watoto hugombania chuchu, na mwenye nguvu huhama kutoka moja hadi nyingine, wakati mnyonge bado anatafuta njia chini ya miili ya wenzake. Aliyenyonya hujulikana, kwa kuwa tumbo lake hujaa kama puto na weupe wa maziwa huonekana kupitia ngozi. Aliyekosa huwa na mikunjo ubavuni. Lakini kumwona leo mwenye mikunjo hakutoshi. Linalotakiwa ni kujua kama ndiye yule yule wa jana, na hapo ndipo swali la Mama lilipokuwa na maana kuliko jibu langu.

Uzao wa pili ulikuja wakati wa vuli, nao ulikuwa wa watoto saba. Safari hii nilichukua nyuzi za rangi mbalimbali zinazotumika kudarizi kofia, nikamfunga kila mmoja uzi wake kwenye mguu wa nyuma, kwa kulegeza. Nawasihi wote wanaosoma hapa wasifanye hivyo. Mtoto wa sungura huweza kuzidi mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa kwa muda wa wiki moja hivi, na uzi haukui pamoja naye. Siku ya sita, mwenye uzi wa kijani alikuwa na unyayo uliovimba na kung'aa mithili ya tunda la zabibu, na uzi wenyewe umezama ndani ya ngozi hata sikuuona mpaka nilipoutafuta kwa ncha ya sindano. Niliukata kwa mkasi mdogo wa kucha huku mkono ukinitetemeka. Mguu ulipona, Alhamdulillahi, lakini hadi leo pana mstari usioota manyoya juu ya kifundo chake.

Mama alinishauri hina. Ni ushauri mzuri kwa mikono ya bibi harusi, ila hina hutaka kukaa kwa saa kadhaa ndipo ishike, na mtoto asiye na manyoya hawezi kuwekwa nje ya kiota kwa muda huo asishikwe na baridi. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, sikuitaka hata kuisikia, kwani dawa iliyomo huweza kuchoma ngozi ya mtu mzima, sembuse kiumbe wa gramu 50 ambaye mama yake humlamba.

Njia niliyokaa nayo ni ya nukta. Natumia kalamu za wino usio na sumu, na katika wiki ya kwanza natia nukta kwenye mapaja, mahali ambapo ngozi bado iko wazi. Manyoya yakishaota, nazihamishia nukta hizo hizo ndani ya masikio, la kushoto kwa la kushoto na la kulia kwa la kulia. Kila upande unaweza kuwa mtupu, ukawa na nukta moja au ukawa na mbili, na kwa hesabu hiyo zinapatikana alama tisa tofauti. Mimi natumia nane, kwa sababu ile ya tisa ni ya asiye na nukta popote, na wino hufutika: mtoto aliyepotewa na alama yake angeonekana kuwa ndiye yule asiyewekwa alama, na daftari lote lingeharibika. Kila baada ya siku mbili narudia kutia wino kabla haujapotea kabisa. Nawapima mmoja mmoja baada ya sala ya alfajiri, wakati ule ule kila siku, kwani mtoto aliyetoka kunyonya huwa na gramu kadhaa zaidi ya alivyokuwa kabla, na kupima ovyo ovyo kungenidanganya tena.

Wapo watu walioniambia kuwa mama akinusa harufu ya mtu atawakataa watoto. Kwa sungura wa kufugwa aliyekwisha kukuzoea sijaona hivyo hata mara moja. Nanawa mikono kwa maji matupu, naisugua kwa manyoya ya kiota, ndipo nawagusa.

Alama za asili zipo pia, na nazipenda kuliko wino, lakini nyingi huchelewa. Katika uzao wa rangi mchanganyiko hakuna tabu, kwani siku ya kwanza tu mweupe huwa wa waridi na mweusi huwa na ngozi nyeusi. Kwa watoto wa rangi moja hubidi kutazama kucha. Kati ya saba wale, mmoja alikuwa na ukucha mmoja mweupe kwenye mguu wa mbele wa kulia, na zilizobaki nyeusi. Tabia sizitegemei hata kidogo, kwa sababu anayerukaruka leo ndiye anayelala kesho.

Uzao wa tatu, wa masika haya, ulikuwa tena wa wanane. Siku ya tatu daftari lilionyesha kwamba mwenye nukta mbili kulia ametoka gramu 48 hadi 46, hali wenzake wote wamepanda. Tangu jioni ile nikawa nawatia wenzake sita ndani ya pakacha lililotandikwa manyoya, nikimwachia mama kwanza yeye na mwenzake mwepesi wanyonye peke yao kwa dakika mbili, kisha nikiwarudisha wengine. Siku ya saba alikuwa na gramu 81. Siku ya kumi na moja alifumbua macho, siku moja baada ya ndugu zake.

Sasa wana wiki tano na wanakula mchunga na majani ya matembele. Nimejaribu kutenganisha madume na majike, ila katika umri huu tundu la mviringo la dume na ufa wa jike hukaribiana mno, na wawili nimewaandikia alama ya kuuliza. Nitawatazama tena wakifika wiki ya nane, kabla hawajakaribia umri wa kupandana. Mwenye nukta mbili kulia ni mmoja wa hao wawili, na leo asubuhi alikuwa na gramu 590.