Ng'ombe wa Malkia Victoria na wale wa Masisi: anza na mifupa

Friedrich Wilhelm Keyl, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1823, alifika London mwaka 1845 akawa mwanafunzi wa Edwin Landseer, mchoraji wa wanyama. Baadaye Malkia Victoria wa Uingereza na mumewe Albert walimwajiri achore wanyama wao, ng'ombe wakiwemo. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaopanda vilima vya malisho vya Masisi tukiwa na rangi za maji tuna mengi ya kuchota katika kazi ya namna hiyo.

Tajiri anayetaka ng'ombe wake wachorwe hatafuti mandhari. Anatazama mgongo umenyooka, nyonga ni pana, kidari kimejaa. Basi kabla ya manyoya, weka alama tatu kwa penseli: bega, mfupa wa nyonga, ncha ya matako. Ziunganishe, ndipo ushuke kwenye magoti. Hapa ndipo vilima vya Masisi vinapotudanganya: ukisimama juu ya mteremko, miguu inaonekana mifupi na tumbo linavimba. Shuka mpaka jicho lako lilingane na katikati ya mbavu.

Ng'ombe hatulii. Akipumzisha mguu mmoja wa nyuma, nyonga ya upande huo inashuka, na mstari wako wa kwanza unakuwa uongo. Usifute. Anza mchoro wa pili pembeni, kisha urudi kwa ule wa kwanza atakaposimama tena vile.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba; nyembamba hujikunja na rangi ikatuama mabondeni. Iinamishe kidogo. Pitisha rangi nyepesi kwanza, subiri, gusa kwa mgongo wa mkono: ikiwa baridi, bado ina maji, na kivuli utakachoweka kitasambaa.

Kwa Friziani, ng'ombe wa mabaka meusi na meupe, tyubu ya rangi nyeusi iache nyumbani, maana inaua umbo. Changanya bleu outremer (buluu iliyokolea) na terre d'ombre brûlée (kahawia iliyokolea): buluu izidi mgongoni panapopokea mwanga wa anga, kahawia izidi chini ya tumbo. Mabaka meupe ni karatasi yenyewe isiyoguswa. Wachoraji wa enzi ya Victoria walikuwa pia na nyeupe ya zinki, ambayo Winsor & Newton, watengenezaji wa rangi wa London, walianza kuiuza mwaka 1834. Inafaa kwa unywele wa sikio au mng'ao wa pua iliyolowa, mwishoni kabisa, juu ya rangi iliyokauka. Ukiichanganya kwenye kivuli, ng'ombe anageuka chokaa.

Makopo ya maji yawe mawili, na yafunikwe. Vumbi la lava likiingia kwenye brashi hukwaruza karatasi, na mkwaruzo hunywa rangi ukabaki mstari mweusi usiofutika.