Siku moja maishani mwangu: kuchunga hewa ndani ya maji

Saa 2 asubuhi. Kabla ya pampu, natazama hewa. Niko Ujerumani kwa masomo ya uzamivu, na ninachochunguza ni kuta zinazokataa maji: vipande vya mpira wa silikoni vyenye mifereji myembamba kuliko unywele. Nakizamisha kipande majini na kukitazama kwa mshazari. Kiking'aa rangi ya fedha, hewa ingali mferejini. Mng'ao ukififia, maji yameingia, na hicho siwezi kukitumia.

Hewa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwenye ukuta wa kawaida, maji yanayougusa husimama na kuyavuta nyuma yale yanayopita juu yake. Juu ya hewa huteleza, kwa kuwa mnato wa maji ni takriban mara 50 ya ule wa hewa. Mwanahisabati Mfaransa Navier aliandika habari za mtelezo huo tangu 1823. Mwaka 2004 watafiti Ou, Perot na Rothstein, huko Massachusetts, Marekani, walipima kuta kama hizi na kuona shinikizo linalohitajika kusukuma maji likipungua hadi asilimia 40.

Saa 4. Usafi, mpaka mchana. Glavu, vioo, mirija, vyote vinasuuzwa upya. Mgeni akiingia hudhani tunapoteza muda, lakini mimi naona hapa ndipo jaribio linapofia au kupona. Chembe chache za jamii ya sabuni zikiwemo majini hukaa juu ya uso unaogusa hewa. Mtiririko huzisomba hadi mwisho wa mfereji, zinarundikana, na mvutano wa uso, yaani nguvu inayoubana uso wa maji kama ngozi, unakuwa mkubwa upande zilikotoka kuliko kule zilikorundikana. Uso unavutwa kinyume na mtiririko, unakakamaa, na maji yanapita juu yake kana kwamba hewa haipo. Watafiti Peaudecerf, Landel na wenzao walilithibitisha hilo mwaka 2017, na kiasi kinachotosha kuharibu ni kidogo mno.

Saa 7 mchana, ujumbe kutoka kwa mdogo wangu, fundi wa maji Morogoro: "Kaka, tukipaka kitu hicho kwenye mabomba yetu si tutaokoa umeme?" Swali zuri sana. Nikampigia hesabu. Katika njia yenye kimo cha mikromita 100 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ukuta mmoja wenye umbali wa mtelezo wa mikromita 20, yaani kina cha kufikirika nyuma ya ukuta ambako mwendo wa maji ungefika sifuri, hupitisha maji nusu zaidi kwa shinikizo lilelile. Bomba la milimita 20, kwa mtiririko tulivu, faida haifiki asilimia 1. Tena hewa ingeyeyuka majini taratibu. Nikamwambia atazame jani la myugwa baada ya mvua, aone matone yanavyobingirika; umbile ni la aina hiyo.

Saa 9. Pampu inawashwa, nasoma shinikizo, kisha hadubini inafuata vitone vinavyong'aa, vinavyobebwa na maji na kuonyesha mwendo wake, karibu na ukuta. Hapo sizungumzi na mtu.

Saa 12 jioni naagiza vipande vipya vyenye mifereji mirefu zaidi. Mfereji ukirefuka, chembe zilezile hutawanyika na mvuto wao wa kurudi nyuma hupungua. Naamini njia ni hiyo kuliko kutafuta maji safi kupindukia, maana huko nje maji ya namna hiyo hayapo.