Kasi, kii na hali: jedwali langu limegoma

Siku ya 1

Nia ni kila rekodi ya okestra niliyonayo ipate mstari mmoja kwenye jedwali: kasi kwa mapigo ya dakika, kii (noti ambayo muziki unaifanya nyumbani, pamoja na ngazi yake ya noti), na hali ya muziki. Nyimbo za dansi nilishazimaliza kwa mtindo huo. Programu inasikiliza, inatema majibu, kazi imekwisha.

Leo nimeanza na sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 8 Desemba 1813, wasikilizaji wakataka sehemu hiyo irudiwe palepale. Nilidhani itakuwa mteremko, maana mdundo mmoja unaitawala karibu yote: ndefu, fupi-fupi, ndefu, ndefu.

Majibu ya programu: kasi 128, kii ya C meja (kwa kawaida meja husikika changamfu, mina yenye huzuni), hali "tulivu". Hakuna hata moja ninaloweza kuliandika.

Siku ya 2

Kasi kwanza. Ile 128 imetokana na kuhesabu zile fupi-fupi kana kwamba kila moja ni pigo. Nilipobadili mpangilio ikaniletea 32, yaani sasa inahesabu bari nzima, lile fungu la mapigo mawili. Siishangai. Programu hutafuta pale noti inapoanza kwa kishindo, na hapa hakuna ngoma ya kuishika mkono. Viola, chelo na besi zinaingia kwa kunong'ona.

Nikarudi kwenye hesabu ya mkono. Sehemu hii ina bari 278 zenye mapigo mawili mawili, jumla 556. Rekodi yangu inachukua dakika 8 na sekunde 40, kwa hiyo wastani ni mapigo 64. Kisha nikaisikiliza huku nikigonga kitufe kwa kidole kila pigo: mwanzo 60, katikati 66, pale ala zinapofukuzana kwa noti za haraka 68, na mwisho 58. Kwa hiyo 64 ni namba ambayo okestra imeipitia tu, haikukaa hapo.

Mwaka 1817 Beethoven alitoa namba za metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi uliyoichagua) za simfonia zake, na hii aliipa 76. Kwa kasi hiyo ingekwisha kwa dakika 7 na sekunde 19. Na mwenyewe aliandika Allegretto, neno la Kiitaliano lenye maana ya mwendo wa haraka kiasi. Waongozaji wengi wa okestra wameipeleka kama msafara wa mazishi, nasi masikio yetu yamezoea.

Siku ya 5

Kii imenila siku tatu. Sehemu hii iko A mina, ambayo ina noti zilezile za C meja. Kinachozitofautisha ni noti ipi inahesabiwa kuwa nyumbani, pamoja na ile G shapu (G iliyopandishwa hatua moja ndogo) inayojitokeza kuivuta A. Programu hupima kila noti imesikika kiasi gani, kisha hulinganisha na umbo la kila kii. Sasa angalia Beethoven anavyoichezea. Kodi ya kwanza kabisa (ya muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, si ya nyumba) ni A mina, lakini noti ya chini ni E. Nyumba imeanza bila msingi. Halafu katikati klarineti na basuni zinahamia A meja, wimbo mwororo, fidla zikizunguka chini yake. Ukizichanganya zote kwenye kapu moja unapata uji.

Dawa ilikuwa kisu. Nimeikata rekodi vipande sita, na vipande vitano vimejibu sawasawa.

Nikajaribu rekodi nyingine, ya ala za kale, kukawa na kioja kipya: kipande kimoja A mina, kinachofuata G shapu mina. Hawa wameiweka A kwenye hezi 430 (mitetemo kwa sekunde), si 440. Tofauti ni karibu senti 40, na nusu toni, ile hatua ndogo kati ya noti na noti, ina senti 100, kwa hiyo programu ilikuwa imesimama karibu na mpaka ikiyumba. Nilipoiambia A ni 430, ikatulia. Okestra za kisasa zinazotumia 442 au 443 hazikuleta shida.

Siku ya 9

Hali. Programu hupima nguvu na furaha tu. Sauti ndogo na nzito inaitwa tulivu. Mina inaitwa huzuni. Nikafanya jaribio: nimeiharakisha rekodi kutoka 64 hadi 76 bila kupandisha sauti. Noti zilezile, kii ileile, lakini jeneza limetoweka! Waliobaki ni watu wanaotembea na jambo zito kichwani. Nilimpigia mwenzangu matoleo yote mawili bila kumwambia kitu. La kwanza aliliita msiba, la pili safari.

Basi safu ya hali nimeiondoa kwa programu, naijaza mwenyewe, kipande kwa kipande, na pembeni naandika kasi niliyoisikia.

Kipande cha sita bado programu inakiandikia "kii haijulikani". Nimekiacha hivyohivyo. Kodi ya mwisho ni ileile ya mwanzo, E ikiwa chini.