Pedali ya rivabu: isikilize kwanza ikiwa fupi

Pedali ya rivabu ni kisanduku cha mguuni kinacholipa gita mwangwi. Wengi wanaoitafuta huanza kwa kuhesabu aina za mwangwi. Hii ina aina nane, ile ina kumi na mbili, nyingine inaunganishwa na simu. Mimi ninauliza jambo moja kabla ya yote hayo: inasikikaje ikiwekwa fupi na kidogo? Mwangwi mrefu wa kujaza ukumbi karibu kila pedali inauweza, hata ya bei ya chini. Kazi ngumu ni rivabu fupi na safi, inayokaa nyuma ya gita bila kulifunika, na ukipiga na bendi hiyo ndiyo utakayoitumia usiku kucha.

Tufanye hesabu kidogo. Urefu wa rivabu hupimwa kwa sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Chukua sebene ya mapigo 130 kwa dakika. Gawa 60,000 kwa 130, utapata milisekunde 461 kwa kila pigo. Mpiga solo anayegawa pigo mara nne anatoa noti kila baada ya milisekunde 115. Rivabu ikiwa ya sekunde 2, noti ya pili inapoingia mkia wa ile ya kwanza (mwangwi wake unaobaki) umeshuka kwa desibeli 3 na nusu tu, yaani bado una nguvu, na utaendelea kuburuzika chini ya noti zipatazo 17 zinazofuata. Gita lililopaswa kudondosha noti mojamoja kama shanga linakuwa uji. Ishushe hadi sekunde 0.8 na mkia unapungua kwa karibu desibeli 9 kabla ya noti inayofuata. Hapo msikilizaji anaona gita lina nafasi na uhai, lakini kila noti bado anaihesabu. Benga nayo inataka hivyohivyo. Sekunde 2 au 3 ziachie utangulizi wa rumba ya taratibu au kodi ndefu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za nyimbo za kuabudu.

Kwa hiyo kinobu (kitufe cha kuzungusha) kilichoandikwa DECAY au TIME, kinachopanga urefu wa mkia, kina uzito kuliko orodha ya aina. Kuna pedali ndogo zisizo nacho kabisa, zina kinobu kimoja tu cha kuongeza au kupunguza kiasi cha rivabu. Baadhi yake zimejengwa juu ya kiboksi cheusi cha kampuni ya Belton, ambacho ndani yake mna chipu tatu za mwangwi aina ya PT2399. Kiboksi hicho hutoka kiwandani kikiwa kifupi, cha wastani au kirefu, na kikishauzwa kirefu huwezi kukifupisha. Sauti yake ina joto la kupendeza, sina ugomvi nayo. Ila isikilize na mwendo wako wa haraka kabla ya kutoa pesa.

Tukija kwenye aina zenyewe, springi na bati ndizo za kuzijua kwa undani.

Springi ni rivabu iliyozaliwa na chuma halisi. Mwaka 1961 Fender walitoa kisanduku cha kusimama peke yake chenye springi ndani, na mwaka 1963 wakaanza kuiweka ndani ya amplifaya. Sauti inaingia upande mmoja wa springi, inatembea, inagonga mwisho, inarudi. Kwa kuwa masafa ya sauti, yaani sauti nzito na nyembamba, hayasafiri kwa mwendo mmoja ndani ya waya uliojiviringisha, mpigo mkali unatoka ukiwa umenyooshwa, na sikio linasikia kama tone la maji linalodondoka kisimani. Jinsi ya kuipima springi ya kidijitali ni rahisi: ziba nyuzi kwa kiganja cha kushoto, zichape kwa pleki mara moja, kwa nguvu. Tone likisikika, waigaji wamefanya kazi yao. Ukisikia ukungu tu usio na umbo, hiyo ni rivabu ya kawaida iliyopewa jina la springi. Na kama amplifaya yako tayari ina springi za kweli, usinunue pedali kwa ajili ya springi. Tafuta kile usicho nacho.

Bati ndilo chaguo langu kwa gita la solo ndani ya bendi. Asili yake ni mtambo wa studio wa Kijerumani, EMT 140 wa mwaka 1957: bati jembamba la chuma lenye urefu wa takriban mita 2 na upana wa mita 1, limening'inizwa ndani ya kasha lenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Bati likitikiswa, mwangwi unakuwa mzito tangu mwanzo, bila zile sauti za awali zinazolijulisha sikio umbali wa kuta. Ndiyo maana linalipa gita mng'ao bila kumpeleka msikilizaji kwenye jengo lingine. Aina ya ukumbi hujengeka polepole na inafaa muziki wenye mapengo. Ya chumba ni fupi na inafaa rithimu. Ile ya kumetameta, ambayo hupandisha mkia kwa oktava moja na kuurudisha ndani tena na tena, ni tamu kwenye maombi ya polepole, lakini kanisani mpiga kinanda mara nyingi ameshaijaza nafasi hiyohiyo. Mkipiga wote wawili, mnafunikana.

Jengo nalo lina rivabu yake, na wanunuzi wengi wanalisahau. Kuta za zege, sakafu ya vigae na paa la mabati bila dari vinarudisha sauti vyenyewe. Piga kofi moja kubwa katikati ya ukumbi kabla watu hawajaingia. Mwangwi wa kofi ukiendelea zaidi ya sekunde moja, rivabu yako iwe kidogo sana, au izime. Watu wakijaa, miili na nguo vitanyonya sehemu ya mwangwi huo, na hapo unaweza kuongeza kidogo. Ongea pia na fundi mitambo. Akikuwekea rivabu ya miksa juu ya ya kwako, gita litasikika kama liko nje ya geti. Mwambie chaneli yako aiache kavu.

Kinobu cha TONE kinahitaji uangalifu. Kwenye pedali nyingi kinapunguza ukali wa juu tu, wakati tatizo la bendi mara nyingi liko chini. Waya wa sita wa gita, ukiwa wazi, ni hezi 82, na hapo tayari wapo besi na dramu ya mguu. Rivabu ikirefusha sauti hizo, besi inapotea na lawama anapewa mpiga besi. Pedali yenye uwezo wa kukata sauti za chini kwenye mkia peke yake ina thamani kubwa kuliko aina tano za ziada. Kinobu cha PREDELAY nacho, kikiwepo, huchelewesha mwangwi kwa milisekunde 20 hadi 40, ili mguso wa pleki upite kwanza ukiwa mkavu, kisha rivabu ifuate. Kwa mpiga solo hicho ni kama kufuta vumbi kwenye kioo.

Umeme ndio unaoharibu rivabu nzuri nyingi. Pedali za kidijitali zinakula. Boss RV-6 inataka karibu miliampea 95, Hall of Fame 2 ya TC Electronic inataka 100, Strymon BigSky inataka zisizopungua 300. Betri ya alkalini ya volti 9 ina takriban miliampea-saa 500, kwa hiyo hata kwa RV-6 ni saa 5 kwa makadirio ya juu kabisa. Tumia adapta. Jumlisha mahitaji ya pedali zote, kisha hakikisha adapta inazidi jumla hiyo, na kwamba kila tundu peke yake linatosha pedali yake. Tundu la miliampea 100 halitaiwasha BigSky vizuri: itawaka, itazima, au itaanza kukoroma.

Ukiunganisha pedali zote kwenye waya mmoja wenye vichwa vingi, utasikia mluzi mwembamba, hasa ukiwasha distoshoni (pedali ya kukwaruza sauti). Chipu ya kidijitali inavuta umeme kwa midundo ya haraka, midundo hiyo inapita kwenye waya wa hasi ambao pedali zote zinashirikiana, na distoshoni inaikuza. Kuthibitisha ni rahisi: ipe rivabu adapta yake peke yake. Mluzi ukifa, pedali haina kosa, na unachohitaji ni kigawa umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mengine.

Kwa walio Tanzania, Kenya na majirani, somo la adapta ni la lazima. Pedali iliyotumika inayotoka Japani au Marekani mara nyingi huja na adapta ya volti 100 au 120. Soketi zetu ni 230 au 240, na adapta hiyo itaungua. Soma kibandiko: kikiandikwa INPUT 100–240V, uko salama. Halafu angalia upande wa pili: volti 9, na alama inayoonyesha kuwa hasi iko katikati ya kichwa. Ukigeuza hasi na chanya unaweza kuiua pedali kwa sekunde moja.

Nafasi ya rivabu kwenye ubao wa pedali ni mwisho, baada ya dilei (pedali ya kurudiarudia sauti). Ukiitanguliza mbele ya ovadraivu (distoshoni laini), ovadraivu inainua mkia na kuukwaruza, na kila kodi inakuwa kelele. Kama distoshoni yako inatoka kwenye amplifaya yenyewe, peleka rivabu kwenye matundu ya SEND na RETURN nyuma yake. Hapo mambo mawili hukosewa. Kwanza, SEND ya baadhi ya amplifaya ina nguvu kuliko pedali inavyotarajia, na ukichapa kwa nguvu utasikia mpasuko. Punguza SEND kama ina kinobu. Pili, kama njia hiyo ni ya sambamba, sauti kavu inapita ndani ya amplifaya na pia ndani ya pedali. Zikikutana zimepishana kidogo, gita linakuwa jembamba na tupu. Dawa yake ni pedali inayoweza kuzima sauti kavu na kutoa mkia peke yake.

Stereo usiilipie kama huna amplifaya mbili au chaneli mbili kwenye miksa. Lakini swichi ya mguu ichunguze. Pedali inayokata njia moja kwa moja ikizimwa huukata na mkia pale ulipo, kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Yenye bafa (saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kupita kwenye kebo) inaweza kuuacha mkia ufe wenyewe, na bafa hiyo, ikiwa mwisho wa ubao, pia inalinda ukali wa gita kwenye kebo ya mita 6 au 10 kuelekea kwenye amplifaya.

Dukani nenda na gita lako na kebo yako, uombe amplifaya safi. Weka MIX (kiasi cha rivabu) sifuri, washa na uzime: sauti ikishuka au ikififia, iache hapo hapo. Kisha weka mkia mfupi kuliko yote, MIX robo ya mzunguko, upige mstari wako wa haraka kuliko wote. Baadaye piga noti moja, uinyamazishe kwa kidole, usikilize mkia unavyokufa. Mkia mzuri unafifia kwa ulaini. Mbaya unalia kama kengele ya bati au unaacha mchemko wa kelele mwishoni. Kwa iliyotumika, tikisa kichwa cha adapta kikiwa ndani na kanyaga swichi mara ishirini. Ikiwaka na kuzima yenyewe, jeki imelegea.

Ukifika ukumbini, anzia mkia wa sekunde moja, predilei milisekunde 25, MIX robo. Mpe mwenzako gita, uende mita tano mbele ya spika wakati bendi nzima inapiga. Ongeza MIX mpaka uisikie rivabu waziwazi, kisha irudishe kidogo, mpaka uikose tu pale mtu anapoizima.